Dada wa Mtaa wa Pili

Mwezi ule kiwanda cha kufulia kilipoanza kugawa keki, ndipo watu walipoanza kuugua. Huyu tumbo, huyu jino, yule mgongo, na mmoja alituma ujumbe kwamba ameamka hajisikii, basi, hajisikii nini hakusema. Kati ya wakunjaji ishirini na wawili wa mashuka ya mahoteli na hospitali, Jumatatu ile walifika kumi na watano. Saba walibaki makwao, na keki yao ikaliwa na inzi.

Msimamizi wa chumba cha kukunjia alisimama mlangoni na daftari la mahudhurio, akaweka alama za kutofika kwa wino mwekundu na rula. Alikuwa mtu wa haki. Hajawahi kumpendelea mtu wala kumwonea mtu, na dakika ya kiwanda hakuiba hata moja. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake, ingawa yeye hakulijua, na ungemwambia angekuomba ushahidi.

Kabla ya chai Meneja alimwita ofisini. Meneja alikuwa mwanamke wa makamo asiye na baya na mtu, aliyekwenda semina ya siku tatu akarudi na kitabu kinene kama tofali, na ndani ya kitabu akatoa Mpango wa Motisha. Jumatatu keki. Kila mwezi Mfanyakazi Bora, picha ukutani. Redio kuanzia asubuhi hadi jioni. Na zaidi ya yote, hakuna tena kukunja wawili wawili. Zamani shuka moja lilishikwa na watu wawili, huyu huku na yule kule, wakalinyoosha, wakakaribiana hadi katikati kukabidhiana pembe, wakaachana, wakakutana tena. Meneja alihesabu zile hatua akaona ni safari za bure na maneno mengi. Sasa kila mtu alikuwa na meza yake pana, na shuka lake, na kimya chake.

“Nimewapa meza,” alisema Meneja. “Nimewapa muziki. Nimewapa keki ina jina la kiwanda kwa sukari. Wanataka nini tena, niwabebe mgongoni?”

“Sijui, mama.”

“Wewe ndiye uko nao. Usipojua wewe, nani ajue?”

“Nitafanya uchunguzi.”

“Ufanye haraka. Mwisho wa mwezi nikikuta meza tupu, nitaweka msimamizi mwingine, wewe urudi kwenye mashine. Sisemi kwa ubaya.”

Kurudi kwenye mashine maana yake ni kukosa posho ya usimamizi, na posho hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipia chumba cha pili, alikolala mama yake. Bila hiyo wangerudi chumba kimoja, yeye, mkewe na mama yake, katikati pazia. Ndugu yangu, kama hujawahi kulala na mama mkwe nyuma ya pazia, shukuru ulipo.

Na hapa lazima niseme jambo. Mkewe alikuwa mmoja wa wale ishirini na wawili, meza ya tano kutoka dirishani. Miaka kumi na minne ya ndoa, sita kati ya hiyo wako chumba kimoja cha kazi, na ndani ya chumba hicho hajamwita mke wangu hata siku moja. Alimwita “mwenzetu wa dirishani,” na meza zilipokuja, “mwenzetu wa meza ya tano.” Watu wasije wakasema.

*

Jioni alifika nyumbani, akavua viatu, akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama.

“Kuna vumbi.”

“Lilikuwepo na jana,” alisema mama yake kutoka kwenye kigoda chake mlangoni. “Limekaa tu, halijakukosea.”

Mkewe aliweka chakula mezani. Walikula. Msimamizi alitafuna akiwaza yale majina saba, kisha akaona, kumbe uchunguzi unaweza kuanzia hapahapa.

“Hivi, nyinyi mnataka nini?”

“Sisi nani?” aliuliza mkewe.

“Nyinyi wakunjaji.”

“Kumbe hata hapa mimi ni mkunjaji.”

“Naomba msaada tu. Watu hawaji kazini, na keki wanapewa.”

“Mimi nafika kila siku. Waulize wasiofika.”

“Na wewe unafika kwa nini?”

“Kwa sababu unaniandika kwenye daftari.”

Mama mtu alicheka hadi akapaliwa, wakampa maji. Msimamizi hakuona cha kuchekesha. “Swali langu lilikuwa la kikazi,” alisema.

“Ndiyo maana nimelijibu kikazi,” alisema mkewe, akakusanya vyombo.

“Haya, tuendelee,” alisema msimamizi, kama afungavyo vikao, ingawa hapakuwa na cha kuendelea nacho.

Mama yake alimtazama kwa jicho la mtu anayemtazama mtoto wake akivaa shati kinyumenyume. “Mwanangu,” alisema, “nyani haoni kundule.”

“Una maana gani, mama?”

“Nina maana malizia kula, chakula kinapoa.”

*

Alitengeneza kisanduku cha maoni. Alichukua boksi la sabuni, akakata tundu juu, akaandika SEMA UKWELI, USIANDIKE JINA, akalitundika karibu na bomba la kunawia. Hadi Alhamisi lilikuwa na vikaratasi kumi na tisa. Alijifungia stoo, akakaa juu ya rundo la foronya, akavifungua kimoja kimoja na kalamu sikioni.

Cha kwanza: Redio ipunguzwe, kichwa kinauma. Akaandika. Cha pili: Keki ni kavu. Akaandika. Cha tatu: Je, yule dada aliondoka?

Akakigeuza nyuma, hakuna kitu. Akaona labda mtu kachanganya karatasi, ameweka ya nyumbani kwake. Akafungua cha nne. Sanduku lilishuka kabatini, halafu? Mnatuachaje hapo? Cha tano: Wiki ya tatu sijui kitu, aliondoka au hakuondoka? Cha sita: Kama bado yupo aambiwe asisahau cheti chake cha kuzaliwa, mimi nilisahau changu nikajuta. Cha saba kilikuwa na maneno matatu tu, kwa herufi kubwa: YULE BWANA APIGWE.

Alipomaliza, vikaratasi kumi na vitatu kati ya kumi na tisa vilikuwa vinamhusu dada mmoja, bwana mmoja na sanduku moja. Kuhusu mshahara vilikuwa viwili. Msimamizi alivipanga kwa safu juu ya sakafu, akavizunguka. Dada gani? Bwana gani? Aondoke aende wapi, na kiwanda kinahusikaje? Katika miaka yote ya usimamizi hajawahi kutaka kujua jambo la mtu, mambo ya watu aliyaita vurugu. Lakini hili lilimganda. Alikwenda chooni nalo, akarudi nalo. Chai ilipopita alikuwa amekunywa vikombe viwili bila kutia sukari wala kugundua.

Akaamua kumtafuta Kijiko.

*

Kijiko alipewa jina hilo kwa wembamba wake, na kwa kuwa hapakuwa na chungu asichochungulia. Kabla meza hazijaja ndiye aliyekuwa akikunja na mke wa msimamizi, jozi moja kwa miaka. Wiki hiyo jino lake lilikuwa limeuma Jumatatu na Jumatano. Msimamizi alimkuta uani, nyuma ya mashine za kukaushia, akitoa mashuka kwenye kapu.

“Yule dada ni nani?” alimwuliza bila hata salamu.

Kijiko alishtuka, akajikaza. “Dada yupi, bosi?”

“Wa sanduku.”

“Ah. Mambo ya shuka yanabaki kwenye shuka.”

“Maana yake?”

“Maana yake ukisikia jambo mmeshika shuka, unalisema mmeshika shuka. Njiani husemi, kwenye chai husemi, nyumbani ndiyo kabisa. Sisi tulikuta hivyo, tukafundishwa hivyo. Unampa mwenzako mkikutana katikati, mkibadilishana jozi naye anampa mwingine, hadi saa sita chumba kizima kimepata.” Akashusha sauti. “Sasa mmetupa meza. Utampa nani? Utaiambia meza? Tulimwomba yeye mwenyewe atumalizie hata getini tu. Akakataa. Alisema penye shuka atasema, pasipo shuka hasemi.”

“Yeye nani?”

Kijiko alitazama juu kama anayetafuta mvua.

Msimamizi aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Akachukua shuka kwenye kapu, akampa Kijiko pembe mbili, akashika mbili. “Haya. Tumeshika.”

Mungu amsamehe, hakujua kukunja. Miaka sita amesimamia wakunjaji, na shuka lilimzidi, likajikunja upande wa juu kama ulimi wa mbwa. Kijiko alilinyoosha kwa mikupuo miwili, akaja katikati, akasema sentensi moja, akarudi. Akaja tena, sentensi nyingine.

“Mtaa wa pili kuna dada ana mume.”

“Enhe.”

“Mume mwenyewe tunamwita Mkaguzi. Hapigi, hanywi, hatembei nje. Anakagua tu.”

“Si mbaya,” alisema msimamizi.

“Siku ya kutimiza miaka kumi ya ndoa alimletea sufuria. Na risiti ndani.”

“Risiti ni muhimu. Sufuria likiwa na tundu je?”

Kijiko alimtazama, akavuta shuka. “Dada akashona gauni, akatoka nalo, akasimama mbele yake. Bwana akasema zipu imepinda.”

“Pengine ilikuwa imepinda kweli.”

“Ilikuwa imepinda, bosi. Hakuna aliyebisha.” Alirudi na ncha zake, akaja tena, safari hii polepole. “Kisha baba yake yule dada akafariki. Akaenda kuzika. Akarudi, akalala, hakuweza kuinuka. Siku ya nne asubuhi yule bwana akaja akasimama mlangoni. Akamwambia, siku tatu zimekwisha.”

Msimamizi alikuwa ameinua mikono kupokea pembe. Mikono ilibaki juu. Ile sentensi aliisikia kwa sauti yake mwenyewe, mlangoni mwake mwenyewe, tena akakumbuka na saa aliyokuwa ameshika. Siku tatu za msiba, kanuni ya kiwanda, kwa kila mfanyakazi. Alimpa mkewe tatu kama angempa yeyote, na alijivunia hilo.

“Endelea,” alisema.

“Bosi…”

“Tumeshika shuka. Endelea.”

“Basi dada akashusha sanduku kabatini. Akaweka magauni mawili. Kengele ya kutoka ikalia, tukasema kesho tutajua. Kesho yake tulipokuja tukakuta meza.”

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Kwanza alikasirika, tena sana. Wanawake ishirini na mmoja wanajua anavyokula, anavyolala, anavyonyamaza! Ametolewa nje, ameanikwa! Alitafuta uongo katika kile kisa ili apate pa kushikia hasira yake, akarudi mwanzo, akapita sentensi moja moja. Hakupata hata mmoja.

“Wote mnajua ni nani?”

“Wiki ya kwanza tulidhani ni jirani wa kweli,” alisema Kijiko. “Wiki ya pili ukaja ukapitisha kidole juu ya rafu ya foronya.”

“Na hawa wanaougua?”

“Bosi, mimi jino hili linaniuma mwaka wa pili. Zamani nilikuwa nakuja nalo hivyohivyo, nitalalaje nyumbani na sijui yaliyompata mwenzangu? Sasa nije kufuata nini? Keki?”

*

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, msimamizi aliaga kazini mapema kuliko wakunjaji. Aliingia nyumbani, akaenda moja kwa moja kabatini, akanyoosha mkono juu. Vumbi lilikuwepo. Sanduku halikuwepo. Alipiga magoti akalikuta chini ya kitanda, akalivuta, akalifungua. Magauni mawili, moja lile la zipu. Picha ya baba mkwe. Barua za binti yao aliye shule ya bweni, zimefungwa kwa uzi. Na cheti cha kuzaliwa. Msimamizi alikaa sakafuni, akajihisi mtu mzima hovyo.

“Umepata vumbi?” Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo.

“Mama, ulikuwa unajua?”

“Ukuta wenyewe wa mbao, na mimi masikio bado ninayo.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia ungenitaka niandike barua.”

“Sasa nifanyeje?”

“Toba! Mtu mzima unaniuliza hilo? Mke si wako? Muulize.”

“Nimuulize nini?”

Mama yake aligonga mkongojo chini. “Akija, muulize unalotaka kujua. Basi! Kuna ugumu gani?”

Alisukuma sanduku mahali pake. Akakaa kitini, akapanga maneno, akayapangua. Aliposikia hatua za mkewe alisimama, mkewe akaingia, wakatazamana. Kinywa kikafunguka.

“Umechelewa dakika kumi,” alisema.

Angeweza kujiuma ulimi akaumeza. Mkewe alitua mfuko, akapita. Aliinama kuchukua kandambili chini ya kitanda, akakaa ameinama kidogo kuliko ilivyohitajika, halafu akainuka akaenda kuwasha jiko. Kutoka chumba cha pili ilisikika sauti ya mama mtu ikimwomba Mungu ampe subira.

*

Asubuhi alikwenda ofisini kwa Meneja, akasimama.

“Mama, naomba tuondoe meza. Wakunje wawili wawili.”

“Umechunguza?”

“Nimechunguza.”

“Wanataka nini?”

“Wanataka kuzungumza.”

“Kuhusu nini?”

“Kuna jirani mmoja. Wanataka kujua hatima yake.”

Meneja alifungua kile kitabu, akakipekua, akakifunga. Hakikuwa na jirani. “Nakupa wiki moja,” alisema. “Wasipokuja, usinilaumu.”

Habari za meza kuondolewa zilifika mitaani kabla ya jua kuzama. Kesho yake mlinzi wa getini alidhani kuna mgomo. Wanawake wote walikuwa nje kabla hajafungua, mwenye mgongo, mwenye tumbo, na yule asiyejisikia, ambaye asubuhi hiyo alionekana anajisikia vizuri mno. Meneja aliwahesabu akiwa dirishani. Ishirini na wawili. Akavua miwani, akaifuta, akahesabu tena. Kisha akateremka mwenyewe kuona hao watu wamekula nini.

Chumbani walikuwa wameshapangana jozi jozi. Kijiko na mke wa msimamizi walikuwa kwenye nafasi yao karibu na dirisha, shuka mkononi, lakini mke huyo alikuwa hajaanza kusimulia. Msimamizi aliingia. Aliweka daftari juu ya rafu bila kulifungua. Akatembea hadi karibu na dirisha, akamwambia Kijiko, “Naomba.” Kijiko akamwachia pembe.

Mkewe alimtazama upande wa pili wa lile shuka jeupe. Jozi nyingine kumi zilikuwa zimeshika mashuka yao, hakuna aliyekunja. Wakalinyoosha. Wakakaribiana.

“Yule dada,” alisema mkewe, kwa sauti ya kufika hadi ukuta wa mwisho, “alilificha sanduku chini ya kitanda. Kila asubuhi analitazama, halafu anakuja kazini.”

“Enhe,” waliitikia.

“Juzi alirudi akakuta limesogezwa. Yule bwana ameshaliona.”

“Weee!”

“Alikuwa amekaa kitini anamngoja. Dada akasema moyoni, leo atasema neno. Bwana akasimama. Akafungua kinywa. Akasema, umechelewa dakika kumi.”

Mlipuko uliotokea hapo ulizidi redio. “Jamani!” “Ala!” “Mimi si niliandika apigwe!” Mtu mmoja, nadhani wa tumbo, alikaa chini kabisa. Msimamizi alisimama na pembe zake, jasho likimtiririka mgongoni, na hakukimbia. Kwa hilo tu mimi nampa sifa.

“Yule bwana,” alisema, “alikuwa anaogopa.”

“Anaogopa nini?” Kijiko hakuweza kujizuia.

“Na zile siku tatu. Alidhani ni haki. Kila mtu hupewa tatu. Aliona akimpa mkewe ya nne, watu watasema.”

Mkewe alikuja katikati na ncha zake, akasimama karibu naye kabisa, hakumkabidhi.

“Nyumbani kulikuwa na watu gani?” aliuliza.

Msimamizi alitafuta jibu. Alilitafuta kweli, huku wote wakimwona. Mlangoni Meneja alinyoosha mkono polepole akazima redio.

“Hakukuwa na watu,” alisema. “Ulikuwa wewe tu.” Machozi yalimtoka, akayaacha, mikono yote miwili ilikuwa na kazi. “Unaondoka?”

Mkewe alichukua pembe kutoka mikononi mwake, akalikunja shuka mara ya mwisho, akaliweka juu ya rundo, akalipapasa hadi likatulia.

“Sijui,” alisema. “Hujawahi kuniuliza. Ngoja nifikiri.”